Lengalenga (mchicha) zangu za kwenye mabidoni zinageuka manjano: ni maji, ni udongo au ni moshi wa mlima?

#1 MamaWaBaraza (Goma), 9 Agosti

Ndugu zangu, salamu. Uwanja wetu hapa Majengo ni jiwe tupu, kwa kuwa nyumba imejengwa juu ya lava iliyoshuka kutoka mlima wa volkano wa Nyiragongo tarehe 17 Januari 2002, na mahali ambapo jembe haliingii mtu hana budi kulima ndani ya vyombo. Nina nafasi ya mita 2 kwa 4 kati ya ukuta wa mbao na uzio. Mwezi wa tatu, mvua zilipokolea, nilichukua mabidoni 11 ya njano ya lita 20, nikayakata ubavu mmoja, nikayajaza udongo mweusi ulioletwa na mwenye chukudu (baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo), unga wa mbao kutoka kwa seremala jirani na samadi ya sungura. Nikapanda lengalenga, puaro (jamii ya kitunguu) na seleri.

Wiki mbili za kwanza nilifurahi sana. Wiki ya tatu majani yakaanza kupauka, na kufikia wiki ya tano lengalenga zilikuwa na rangi ya bidoni lenyewe. Hazikufa. Zilisimama tu, urefu wa kiganja, zikatoa mbegu kabla hatujapika hata sufuria moja. Puaro peke yake ndiyo iliyovumilia.

Dai langu ni kwamba kosa liko kwenye maji, kwa sababu kila mvua ilipokatika nilimwagilia maji ya ziwa. Baba watoto anasema ni udongo. Mvua za Septemba zinakaribia na ningependa kuanza upya nikiwa na uhakika, kwa hiyo naomba wenye uzoefu wa bustani za vyombo wanieleze walichokiona kwao.

#2 Kijana_Ndosho (Goma), 9 Agosti

Mama, pole kwa kazi iliyopotea. Kabla hatujafika kwenye maji na udongo, naomba kujua habari za matundu. Mwaka wangu wa kwanza nilipanda nyanya katika ndoo mbili ambazo nilizitoboa tundu moja moja kwa msumari mdogo, na mchanga ukaziba matundu hayo ndani ya siku chache. Nilipong'oa mche, udongo wa chini ulinuka kama mtaro, na mizizi ilikuwa ya kahawia, laini, inakatika ukiigusa. Majani yalikuwa ya manjano kama unavyoyaeleza.

Siku hizi natia msumari wa inchi sita ndani ya makala (makaa) ya mbabula, yaani jiko, hadi uwe mwekundu, natoboa matundu kumi au kumi na mawili chini na mengine mawili ubavuni karibu na kitako, kisha nakiinua chombo juu ya vipande viwili vya mawe ili maji yasikwame kati ya plastiki na lava. Tangu hapo sijapoteza mche kwa kuoza.

#3 FundiMiche (Goma), 10 Agosti

Asante kwa swali lililoelezwa vizuri. Mimi natilia shaka unga wa mbao. Vijidudu vinavyoozesha mbao vinahitaji naitrojeni, na kwa kuwa ndani ya mbao yenyewe ni kidogo mno, huichukua kwenye udongo, na mmea unabaki na njaa mpaka mbao ioze kabisa. Lengalenga ni mboga ya majani inayokua haraka. Ikipata chakula huvunwa baada ya wiki tatu au nne, na ikikikosa hukimbilia kutoa mbegu, jambo ambalo ndilo ulilolishuhudia.

Kuna njia ya kutofautisha. Upungufu wa naitrojeni huanzia kwenye majani ya zamani ya chini, kwa sababu mmea huiondoa huko na kuipeleka kwenye machipukizi. Upungufu wa chuma huanzia juu, kwenye majani machanga, na mishipa ya jani hubaki kijani huku nafasi kati yake zikiwa za manjano. Je, mama, kwako ilianzia wapi? Na unga huo wa mbao ulikuwa kiasi gani?

#4 Dada_Kadutu (Bukavu), 10 Agosti

Namuunga mkono MamaWaBaraza kuhusu maji. Maji ya Ziwa Kivu hayafanani na maji ya mto wa kawaida, kwani yana bikaboneti nyingi za sodiamu, magnesiamu na potasiamu, na pH (kipimo cha tindikali; juu ya 7 maji hayana tindikali) ya maji ya juu huwa karibu 9. Udongo ukifikia hali hiyo, chuma huwa kipo lakini hakiyeyuki, na mzizi hauwezi kukinywa. Katika shamba la wazi mvua huosha chumvi hizo na kuzipeleka chini, lakini ndani ya bidoni la lita 20 zinabaki palepale, na kila ndoo unayomwagilia inaongeza nyingine.

Niongeze neno moja la haki. Hapa Kadutu nimemwagilia maji hayo hayo kwa misimu miwili bila kuona manjano yoyote. Udongo wetu wa mlimani ni mwekundu, wa mfinyanzi na wenye tindikali, na nadhani tindikali hiyo ndiyo inayoyatuliza maji. Udongo wenu mweusi wa majivu ya volkano huenda hauna kinga hiyo.

#5 MamaWaBaraza, 11 Agosti

Nawashukuru. Kijana_Ndosho, matundu yapo, manne kwa kila bidoni, lakini mabidoni yalilala moja kwa moja juu ya jiwe. FundiMiche, unga wa mbao ulikuwa ndoo moja kwa ndoo mbili za udongo, na ulikuwa mpya, bado unanukia.

Kuhusu majani, jibu langu halitawapendeza. Katika mabidoni yaliyo karibu na uzio, manjano yalianzia juu na mishipa ilibaki kijani, kama alivyosema FundiMiche kuhusu chuma. Katika yale ya karibu na ukuta, yalianzia chini, jani zima likapauka pamoja na mishipa yake. Na kuna jambo ambalo sikulitaja kwa kuwa sikuliona kuwa na uzito: kila Jumamosi nilinyunyiza majivu ya mbabula ili kufukuza vidukari, konzi moja kwa kila bidoni.

#6 Dada_Kadutu, 11 Agosti

Mama, hayo majivu ni habari kubwa! Majivu ya kuni na ya makala huipandisha pH kama chokaa. Konzi moja kila wiki kwa wiki tano katika lita 20 za udongo, juu ya maji ya ziwa, ni kuelekea upande uleule mara mbili. Vidukari hufukuzwa kwa maji yenye sabuni kidogo, ukinyunyiza chini ya jani wakati wa jioni.

#7 Mzee_Rusayo (Nyiragongo), 12 Agosti

Wanangu, nimewasoma wote, na nashangaa kwamba hakuna aliyeutazama mlima. Baada ya mwaka 2002 ziwa la lava liliporudi ndani ya kreta ya Nyiragongo, moshi wake ulitushukia upande huu kwa miaka mingi. Nimeona kwa macho yangu jani la maharage likipata madoa ya kahawia usiku mmoja tu baada ya manyunyu, kana kwamba mtu amelichoma kwa ncha ya sigara. Migomba ilikauka pembeni. Mabati mapya yalishika kutu kabla ya wakati wake. Mvua inayopita ndani ya moshi huo ni mvua ya tindikali na ina floridi, na anayeikinga kwa ajili ya bustani yake anamwagilia sumu akidhani ni baraka. Mimi huiacha mvua ya kwanza ipite bila kukinga hata sufuria moja.

#8 Mwalimu_wa_Kemia (Goma), 12 Agosti

Shikamoo, mzee. Uliyoyashuhudia ni ya kweli, na wakulima wa upande wa Masisi na Sake wanayathibitisha. Hata hivyo naomba kusahihisha jambo moja kwa heshima. Pepo za kwetu mara nyingi hutoka mashariki, kwa hiyo moshi huelekea magharibi, yaani kwenu Rusayo na mbele yenu, wakati Majengo iko kusini mwa mlima. Moshi unaweza kugeuka, nakubali, lakini si kila siku. Pia mvua ya tindikali huacha madoa yaliyoungua na pembe za majani zilizokauka, ilhali mama anatueleza jani linalopauka taratibu bila doa.

Mimi ningeuliza kuhusu mabati. Kama maji ya mvua yanatiririka kutoka kwenye paa jipya, yanabeba zinki, na maji yenye tindikali kidogo huibeba zaidi. Zinki ikizidi humzuia mmea kutumia chuma, na dalili zake ni zilezile za majani machanga ya manjano yenye mishipa ya kijani. Tena wanaodhani watalikwepa ziwa kwa kutumia maji ya bomba wakumbuke kwamba mengi ya maji ya bomba ya mji huu hupigwa pampu kutoka ziwa hilohilo.

#9 MamaWaBaraza, 12 Agosti

Mwalimu, paa tulilibadilisha Januari, na mabidoni ya karibu na uzio ndiyo yanayopokea maji yake.

#10 Mgeni_wa_Liège (Ubelgiji), 14 Agosti

Nawasalimu kutoka mbali. Nimekulia Himbi, hapo Goma, sasa naishi ghorofa ya nne, na bustani yangu ni masanduku matatu ya dirishani. Ushauri wangu ni kutopanda kila kitu siku moja. Huku tunaanza wakati wa machipuko: mwezi Machi ninaotesha mbegu za nyanya na pilipili ndani ya nyumba, katika vikombe vya mtindi vilivyotobolewa, karibu na kioo chenye jua. Spinachi na saladi naziweka nje mapema kwa kuwa zinavumilia baridi. Nyanya hazitoki mpaka zipite siku ambazo wazee wa huku wanaziita za watakatifu wa barafu, yaani tarehe 11, 12 na 13 Mei, kwa sababu kabla ya hapo usiku mmoja wa jalidi unaweza kuua kila kitu. MamaWaBaraza asubiri Machi, aanzie ndani, atoe nje miche yenye nguvu.

#11 Kijana_Ndosho, 14 Agosti

Kaka wa Liège, Himbi umeisahau mapema. Hapa jalidi litatoka wapi, na mama asubiri Machi wakati Septemba iko mlangoni? Tuna misimu miwili ya kuanza, mvua za Septemba hadi Desemba na zile za Machi hadi Mei. Adui wa mche wetu ni mvua inayopiga kwa nguvu saa nane mchana na kuufukua.

Lakini nachukua neno lako la kuotesha kwanza. Puaro na seleri huchukua muda mrefu kitaluni, na anayetaka kuzipandikiza mvua zikianza anapaswa kuziotesha sasa hivi, mwezi wa nane, chini ya baraza, katika beseni lenye udongo uliochujwa.

#12 MwanaLubum (Lubumbashi), 15 Agosti

Naomba msisahau kwamba wanaosoma hapa hawakai wote Kivu. Kwetu Lubumbashi mvua huja mara moja tu, kuanzia Oktoba au Novemba hadi Aprili, na Juni na Julai usiku ni wa baridi kweli, kiasi kwamba lengalenga haisogei. Mtu wa huku akifuata kalenda ya Goma atamwagilia kwa ndoo miezi miwili kabla ya kuona tone la mvua.

Tuna pia sababu nyingine ya kulima kwenye vyombo. Sehemu ambazo upepo ulipeleka moshi wa tanuru la shaba kwa miaka mingi, udongo una metali ambazo hazifai kuingia ndani ya mboga, kwa hiyo udongo lazima utoke kwingine. Sisi huchukua ule wa kichuguu. Vichuguu vyetu ni virefu kuliko nyumba, na udongo wake una kalisi nyingi kuliko ardhi inayovizunguka. Mama yangu huuponda, huuchanganya nusu kwa nusu na mboji, na matembele yake katika magunia ya mchele yamelisha nyumba tangu nikiwa mtoto. Yeye hasemi habari za pH. Huweka udongo kidogo kwenye kiganja, huubana, na ukishikamana kisha ukavunjika kwa kidole kimoja, anasema umeiva.

#13 FundiMiche, 15 Agosti

MwanaLubum, mpe mama salamu zetu, kipimo chake hicho ni sahihi.

Nataka kugusa jambo ambalo wengi wa Goma hulifanya, na huenda MamaWaBaraza pia alilifanya: kuweka tabaka la changarawe za lava chini ya chombo ili maji yapite. Tabaka hilo halisaidii. Maji yanaposhuka katika udongo laini na kukutana na mawe yenye nafasi kubwa, hayaingii humo mpaka udongo wa juu ushibe kabisa, kwa hiyo unyevu unasimama juu ya mawe, karibu zaidi na mizizi, na kina cha udongo kinapungua. Changarawe hizo ni neema kubwa ya mji wetu, lakini zichanganywe ndani ya udongo wote, ndoo moja kwa nne, zikiwa za ukubwa wa punje ya mahindi.

#14 Mzee_Rusayo, 16 Agosti

Mwanangu Fundi, nimeweka mawe chini ya vyungu tangu kabla hujazaliwa, na maua ya marehemu mke wangu hayakuoza hata siku moja. Vyungu vile vilikuwa vya udongo wa kuchomwa, navyo hupumua ubavuni, hilo nalikubali. Huenda plastiki ni habari nyingine. Lakini usiseme kwamba halisaidii kabisa.

#15 Mwalimu_wa_Kemia, 17 Agosti

Nimekuwa nikiufikiria ukuta wa mama. Goma iko chini kidogo ya ikweta, karibu digrii 1.7 kusini. Mwezi wa sita jua la mchana husimama upande wa kaskazini, na mwezi wa kumi na mbili husimama kusini, kwa hiyo ukanda mwembamba kati ya ukuta na uzio unaweza kupata jua la saa sita mwezi mmoja na kivuli cha nusu siku mwezi mwingine. Mmea wa kivulini hunywa kidogo, udongo wake haukauki, na mwenyewe anaendelea kumwagilia sawa na wa juani. Je, haiwezekani kwamba mabidoni ya ukutani yalizama na ya uzioni yaliungua kwa zinki au majivu, kila upande na ugonjwa wake?

#16 Dada_Kadutu, 17 Agosti

Mwalimu, kwa hesabu hiyo kila mmoja wetu amekuwa sahihi kwa bidoni lake. Ni maelezo mazuri, lakini ndiyo yanayonitia shaka zaidi. Mama, tafadhali pindua bidoni moja la kila upande, utueleze mizizi ilivyo.

#17 MamaWaBaraza, 19 Agosti

Nimefanya hivyo leo asubuhi. La ukutani lilitoka zima kama mkate. Juu palikuwa pakavu, katikati kulikuwa na mabonge ya unga wa mbao ambayo ndani yake hayakuwahi kulowa, bado ya rangi ya asali, na chini, kwenye upana wa vidole vitatu, udongo ulikuwa mweusi na wenye harufu. Mizizi yote ilikuwa imekwepa mabonge yale na kupita pembeni. Ndiyo, FundiMiche, nilikuwa nimeweka changarawe chini. La uzioni lilikuwa na mizizi myeupe, mizuri kabisa, na juu ya udongo kulikuwa na ukoko wa kijivu uliovunjika kama ganda la yai.

#18 FundiMiche, 19 Agosti

Mabonge hayo ndiyo ushahidi wangu.

#19 Dada_Kadutu, 19 Agosti

Na ukoko ndio wangu.

#20 MamaWaBaraza, 3 Oktoba

Narudi kama nilivyoahidi. Mvua ya kwanza ya nguvu ilifika katikati ya Septemba, nikaiacha ipite kwa heshima ya mzee. Kisha nikaandaa mabidoni manne, matundu kumi na mawili kila moja, juu ya mawe, bila majivu. Mawili yana udongo ule wa zamani wenye unga wa mbao, na mawili yana udongo mpya wenye mboji na changarawe zilizochanganywa. Katika kila jozi, moja linakunywa maji ya ziwa na jingine maji ya mvua niliyoyakinga wazi kwa beseni, bila kupita juu ya bati. Lengalenga zilipandwa siku moja, kutoka mfuko mmoja.

Leo ni siku ya 18. Udongo mpya kwa maji ya mvua: majani mapana, urefu unapita kiganja, nimeanza kupunguza na tumekula. Udongo mpya kwa maji ya ziwa: ni fupi kidogo, lakini kijani. Udongo wa zamani kwa maji ya mvua: hafifu, majani ya chini yamepauka. Udongo wa zamani kwa maji ya ziwa, ambao niliutarajia uwe mbaya kuliko yote, umeupita ule wa mvua, tena kwa wazi. Sielewi.

#21 Kijana_Ndosho, 3 Oktoba

Hongera kwa sufuria ya kwanza, mama. Hayo mabidoni manne yamepangwaje?

#22 MamaWaBaraza, 3 Oktoba

Kwa mstari, kutoka uzioni kwenda ukutani. La kwanza lililostawi liko uzioni. Lile hafifu ndilo la mwisho, ukutani.

#23 Mwalimu_wa_Kemia, 4 Oktoba

Basi jua limeingia ndani ya hesabu yetu. Lile lililostawi lina udongo bora, maji bora na nafasi bora kwa pamoja, na lile hafifu liko kivulini, kwa hiyo hatuwezi kusema ni kipi kilichofanya kazi. Panda tena, na kila siku tatu uyabadilishe nafasi yote manne kwa zamu.

#24 Mzee_Rusayo, 4 Oktoba

Binti yangu, kabla ya kupanda tena, nina mbegu za lengalenga nyekundu ambazo nimezichagua mwenyewe miaka mingi, shina lake ni nene na halikimbilii mbegu. Jumamosi nashuka sokoni Virunga. Nitakufungia vijiko viwili ndani ya karatasi, nawe uniwekee mche mmoja wa seleri.

#25 MamaWaBaraza, 4 Oktoba

Asante sana, mzee. Miche iko minane na wako nimeshaufunga kamba nyekundu. Mabidoni nimeyageuza leo jioni: la ukutani sasa liko uzioni.